Kufaulu si Kuchaguliwa: Mlango wa Udaktari Mjini Manchester

Wazazi wa Tanzania waliosomesha watoto katika miaka ambayo shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika wanaijua vizuri sentensi hii: mtoto amefaulu, ila hakuchaguliwa. Walioisikia hawakuhitaji kufafanuliwa. Kufaulu ni jambo la mtoto na karatasi yake, na kuchaguliwa ni jambo la serikali na idadi ya madawati. Nimeona tofauti hiyo inafaa sana kusomea historia ya mbali, yaani jinsi watu walivyoingia katika udaktari nchini Uingereza, na hasa Manchester, mji wa viwanda vya pamba uliokuwa na shule ya tiba miaka mingi kabla haujawa na chuo kikuu. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hapakuwa na mtihani wa kuwashindanisha watu mlangoni. Mtihani ulikuwa wa mwisho, wa kufaulu. Mchujo wa kuingilia tunaouona leo, ule unaowakosesha vijana wa Kiingereza usingizi wakiwa na miaka kumi na saba, umezaliwa juzi, na hoja yangu ni kwamba haukuzaliwa na hamu ya kutafuta vipaji. Umezaliwa na uhaba wa nafasi baada ya dola kuanza kulipa gharama.

Kabla ya uhaba kulikuwa na imani. Katika Kiswahili neno mtihani hubeba mambo mawili, karatasi ya maswali na jaribu analoshushiwa mja, na kwa karne nyingi vyuo vikuu viwili vya kale vya Uingereza navyo viliyachanganya. Oxford ilimtaka kijana aweke sahihi kuzikubali Ibara 39 za Kanisa la Anglikana siku anapoandikishwa. Cambridge ilimwacha asome, ikamdai ushahidi wa imani yake anapotaka shahada. Kimoja kiliweka lango mbele, kingine nyuma, na tofauti hiyo haikuwa ndogo: kwa Cambridge asiye Mwanglikana aliweza walau kuondoka na elimu, hata kama aliondoka bila cheti. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1854 kwa Oxford na 1856 kwa Cambridge, na sheria ya 1871 ndiyo iliyoondoa sehemu kubwa ya yaliyobaki. Hadi karne ya 19 ilipofika katikati, Koleji ya Kifalme ya Madaktari ya London ilikuwa imezoea kuwapa wahitimu wa vyuo hivyo viwili nafasi za juu. Kwa hiyo aliyekataa kuweka sahihi hakupoteza shahada tu, alipoteza pia ngazi ya juu ya kazi yenyewe.

Manchester ilijengwa na watu wa namna hiyo. Thomas Percival, daktari aliyehamia mjini hapo mwaka 1767 na aliyeandika kitabu cha maadili ya utabibu kilichotoka 1803, alilelewa katika madhehebu yaliyokuwa nje ya kanisa la taifa. Alisoma katika akademia ya Warrington, akaenda Edinburgh, akachukua shahada yake Leiden, Uholanzi, mwaka 1765. John Dalton, aliyeipa kemia nadharia ya atomu, alikuwa wa madhehebu ya Quaker, na milango hiyohiyo ilikuwa imefungwa kwake. Aliishi Manchester akifundisha kwa malipo. Mtu akitaka kuelewa kwa nini tiba ilianza kufundishwa kikamilifu katika mji usio na chuo kikuu, aanzie hapo. Elimu ilikuwepo na walimu walikuwepo, nao walikuwa wamekusanywa mahali pamoja na mlango uliowakataa kwingine.

Sheria ya mwaka 1815 kuhusu matabibu wauza dawa ndiyo iliyowapa nafasi. Hawa walikuwa ndio waganga wa watu wa kawaida. Daktari mwenye shahada aliwaendea matajiri, huku tabibu muuza dawa akipita mitaani kwa wafanyakazi na wenye maduka. Sheria ilimtaka awe mwanagenzi kwa miaka mitano chini ya tabibu, ahudhurie mihadhara, akae hospitalini kwa muda, kisha atahiniwe na chama chao kilichopo London. Haikusema asome wapi. Ukimya huo ulifungua mlango mpana. Mjini Manchester, Joseph Jordan alikuwa ameanza kufundisha anatomia mwaka 1814, na mwaka 1824 Thomas Turner alifungua shule katika mtaa wa Pine Street iliyokusudia kumpa mwanafunzi kila somo alilohitaji kwa mtihani huo, bila kumlazimisha kuhamia London. Dalton alikuwa miongoni mwa wahadhiri. Birmingham, Sheffield, Leeds, Bristol, Newcastle na Liverpool zilifuata katika miaka kumi iliyofuata au karibu na hapo.

Hapa msomaji mkali ataniuliza: je, huo haukuwa mchujo? Mzazi alimlipa tabibu ada ya uanagenzi, akalipia mihadhara mmoja mmoja, akamlisha kijana kwa miaka. Ni kweli, na sitaki kuipamba karne ya 19. Mtoto wa mfumaji aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Ancoats hakufika Pine Street. Lakini mkoba ni lango la aina yake. Haushindanishi watu. Mwenye karo aliingia, na kuingia kwake hakukumtoa mwingine, kwa sababu hapakuwa na idadi iliyopangwa. Mwalimu aliyelipwa kwa kila kichwa alitaka vichwa vingi. Uchujaji ulikuja mwishoni, London, mbele ya watahini ambao hawakujua baba wa mtu ni nani wala hawakuwa na sababu kubwa ya kuuliza.

Mfumo huo ulizaa maisha ya mwanafunzi ambayo leo yangeonekana ya ajabu. Mwanafunzi wa tiba alikuwa kijana wa kupanga chumba, anayekula kwa mama mwenye nyumba, anayehudhuria mihadhara akipenda. Aliyeanguka mtihani alirudi, akaanguka tena, akarudi. Wako waliozeeka katika hali hiyo. Dickens alipomchora Bob Sawyer katika riwaya ya Pickwick, mwaka 1836 na 1837, mlevi, mwenye deni, mwingi wa mzaha kuhusu maiti, wasomaji wake walicheka kwa sababu walikuwa wamemwona mtu huyo mtaani. Sifa ya anatomia nayo haikuwa njema. Kabla ya sheria ya 1832 kuruhusu maiti za maskini wasiodaiwa na ndugu zipelekwe shuleni, walimu walitegemea wafukua makaburi, na hata baada ya sheria hiyo umma haukutulia: Januari 1835, kule Sheffield, kundi la watu lilivamia shule ya anatomia na kuiharibu kwa uvumi kwamba ndani wanauawa watu. Mji wa viwanda uliwahitaji madaktari, lakini uliwaogopa wanafunzi wao.

Owens College ilikuja kuutuliza mchanganyiko huo. John Owens, mfanyabiashara aliyefariki 1846, aliacha karibu pauni 97,000 kwa ajili ya chuo, na akaweka sharti katika wosia kwamba mwalimu au mwanafunzi asiulizwe dini yake. Chuo kilifunguliwa 1851 katika nyumba ya mtaa wa Quay Street iliyokuwa ya mwanasiasa Richard Cobden. Hakikuwa na mamlaka ya kutoa shahada, kwa hiyo wanafunzi wake walijiandaa kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London, ambacho kuanzia 1858 kiliruhusu watu kufanya mitihani yake bila kujali walisomea wapi. Chuo kikuu kinachotahini tu! Wenye vyuo vya zamani walikidharau, lakini kwa mji kama Manchester hiyo ilikuwa baraka. Shule ya tiba iliungana na Owens mwanzoni mwa miaka ya 1870, chuo kikahamia Oxford Road mwaka 1873, na Chuo Kikuu cha Victoria kikapata hati mwaka 1880 na ruhusa ya shahada za tiba miaka mitatu baadaye. Hospitali kuu ilibaki Piccadilly hadi 1908, hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini mwanafunzi wa tiba alikuwa mtu wa kutembea kila siku kati ya darasa na wodi, akipita katikati ya moshi na mikokoteni. Quaker nao wakajenga bweni huko Victoria Park, wakaliita Dalton Hall, kwa jina la yule aliyekuwa amenyimwa chuo.

Ushahidi ulio imara kuliko wote kwamba mtihani wa mwisho ulikuwa rafiki wa mgeni ni ule wa Elizabeth Garrett. Hakuna shule ya tiba iliyomtaka kama mwanafunzi wa kawaida. Alijikusanyia mafunzo, mengine kwa walimu wa faragha, kisha akaenda kwenye chama kilekile cha wauza dawa. Hati yao ilizungumzia watu, haikusema wanaume. Walijaribu kumkatalia, baba yake akatishia mahakama, wakamtahini, akafaulu mwaka 1865. Walichofanya baadaye ndicho kinachofundisha. Hawakuufanya mtihani uwe mgumu zaidi. Walibadilisha kanuni ili asitahiniwe yeyote ambaye hakusoma katika shule inayotambuliwa, na shule zinazotambuliwa hazikuwa zikipokea wanawake. Lango lilihamishwa kutoka nyuma hadi mbele, na kazi ya kukataa ikahamia mahali ambapo hakuna maswali wala majibu yanayoweza kukaguliwa. Manchester ilianza kupokea wanawake katika tiba mwaka 1899, na Catherine Chisholm akahitimu 1904, wa kwanza wa chuo hicho. Miaka kumi baadaye alianzisha hospitali ya watoto wachanga mjini humo.

Mlango wa nyuma uliendelea kuwafaa wengine pia. Hastings Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, alikuwa na shahada ya tiba ya Marekani ya mwaka 1937 ambayo haikumruhusu kufanya kazi katika himaya ya Uingereza. Alikwenda Edinburgh akafanya mitihani ya vyama vya madaktari vya Uskoti, akafaulu 1941. Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa waliokutana katika ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock, hatua chache kutoka Oxford Road, kwa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, pamoja na Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Mmoja wa wenyeji wao alikuwa Peter Milliard, daktari kutoka Guiana ya Kiingereza aliyekuwa akitibu Manchester. Kongamano lenyewe halikuhusu vyuo vya tiba, na nisingependa kulivuta kwa nguvu. Nalitaja kwa kuwa watu weusi wenye hadhi ya udaktari waliokuwemo ukumbini walikuwa ushahidi ulio hai wa kile ambacho mtihani wa mwisho unaweza kumfanyia mtu asiye na mjomba.

Basi kuchaguliwa kulianza lini? Si mwaka 1858, ingawa sheria ya mwaka huo iliunda Baraza Kuu la Madaktari na rejista moja. Baraza lilisisitiza kwamba mwanafunzi wa tiba athibitishe kwanza elimu ya jumla, Kilatini kikiwemo, lakini huo ulikuwa mtihani wa kufaulu: ukifikia alama, umepita, hata kama mliofikia ni elfu. Hata bodi ya pamoja ya mitihani ya kujiunga, iliyoundwa 1903 na vyuo vya Manchester, Liverpool na Leeds, ilipima kiwango. Haikugawa nafasi. Kilichobadili mambo ni fedha za umma. Mwaka 1944 kamati ya Goodenough ilipendekeza dola igharimie mafunzo ya tiba kwa kiasi kikubwa, na ikaongeza sharti kwamba ruzuku isitolewe kwa shule isiyopokea wanawake kwa kiwango cha kuridhisha. Mwaka 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ikaanza. Tangu hapo dola ilikuwa mlipaji wa mafunzo na mwajiri wa wahitimu kwa wakati mmoja, na mlipaji huhesabu. Mwaka 1957 kamati ya Willink ilikadiria kwamba madaktari watakuwa wengi mno, ikashauri wanaoingia wapunguzwe kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ilikosea vibaya. Hospitali za kaskazini, Manchester zikiwemo, ziliendeshwa katika miaka ya 1960 kwa jasho la madaktari kutoka India na Pakistan, na mwaka 1968 tume ya Todd ikasema vyuo vipanuliwe.

Sasa karo haikuwa tena lango, kwa kuwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi alilipiwa na akapewa posho. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini walioomba walizidi nafasi, na wenye vyuo walijikuta na kazi ambayo mababu zao hawakuijua: kumkataa mtu anayefaa. Waliifanya kwa barua ya mwalimu mkuu, kwa usaili wa dakika chache, kwa kutazama sura. Lawama iliyorudiwa kwa miaka ni kwamba mtoto wa daktari na mcheza raga walipendeza zaidi machoni pa wazee wa usaili. Wanawake walihesabiwa kwa viwango maalumu hadi miaka ya 1970.

Jinsi mambo yalivyokuwa ndani tuliyaona kwa bahati, kupitia mashine. Shule ya tiba ya hospitali ya St George's ya London ilitengeneza programu ya kompyuta ya kuchuja fomu za maombi, na kufikia mwaka 1982 fomu zote zilipitia humo. Programu ilifundishwa kuiga maamuzi ya wasaili wa zamani, na ilisifiwa kwa jinsi ilivyokubaliana nao. Tume ya Usawa wa Rangi ilipoichunguza, ripoti yake ya 1988 ilionyesha kwamba programu iliwapunguzia alama wanawake na watu wenye majina yasiyo ya Kizungu, kiasi kwamba huenda hadi waombaji 60 kwa mwaka walikosa usaili kwa sababu hiyo. Kejeli yake ni chungu: chuo hicho kilikuwa na wanafunzi wengi wa asili ya nje ya Ulaya kuliko vyuo vingi vya London. Kosa lake lilionekana kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Vyuo vilivyofanya hivyohivyo kwa kichwa na kwa nusu neno mezani havikuacha hati ya kuchunguza.

Nadhani ni hapo, zaidi ya kwenye saikolojia, ndipo mtihani wa kisasa wa udahili unapopata sababu yake. Oxford, Cambridge na wenzao walikuja na BMAT mwaka 2003. Mwaka 2006 vyuo vingine vingi vilianza kutumia UKCAT, ambao tangu 2019 unaitwa UCAT, na Manchester ni kimoja cha vyuo vinavyoutumia. Mtahiniwa hukaa mbele ya kompyuta kwa takriban saa mbili, akijibu kwa kasi maswali ya kusoma na kuchanganua, ya hesabu, ya kufanya maamuzi, na ya jinsi ya kutenda katika hali za kazini. Kila sehemu ya akili hupewa alama kati ya 300 na 900. Mwombaji ana nafasi nne tu za kozi za tiba katika fomu yake, kwa hiyo alama hizo humwambia pia mahali pasipofaa kupoteza nafasi.

Wanaoupinga wana maneno mazito. Wanasema huruma haipimwi kwa sekunde, na wana haki. Lakini haikupimwa na Kilatini wala na Ibara 39, na msaili aliyeketi na mtu kwa robo saa hakuiona huruma, aliona lafudhi. Wanasema pia kwamba mwenye pesa hununua mafunzo ya ziada, na hapa siwezi kuwajibu kikamilifu, kwa sababu biashara ya kozi za UCAT ipo na inashamiri. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi moja kwa wote walau huacha alama ya nyayo. Watafiti wanaweza kuilinganisha na matokeo ya miaka ya baadaye, wakapinga, wakalazimisha mabadiliko. Sehemu ya maumbo na mifuatano, ambayo ilikuwa ikinung'unikiwa kwamba hufundishika kama mchezo, iliondolewa mwaka 2025. BMAT yenyewe ilifanyika kwa mara ya mwisho 2023. Nani aliwahi kukifuta kikao cha wazee wa raga kwa kuonyesha takwimu?

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka upande mwingine: kwamba mchujo ni wa lazima kwa usalama wa wagonjwa, kwa hiyo uhaba si kisa. Lingekuwa na nguvu kama kiwango ndicho kingekuwa kinaamua. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifuta mitihani ya sekondari, walimu wakatoa alama wenyewe, na ghafla waliotimiza masharti ya vyuo vya tiba wakazidi. Kama shida ingekuwa kiwango, jibu lingekuwa kupandisha kiwango. Serikali iliinua ukomo wa idadi kwa mwaka huo. Mwaka uliofuata, kozi zilipofurika tena, vijana waliokwisha kukubaliwa walipewa pauni 10,000 wakikubali kuhamia chuo kingine chenye nafasi. Na mwaka 2023 mpango wa taifa ukatangaza nia ya kufikisha nafasi 15,000 kwa mwaka ifikapo 2031, mara mbili ya zilizokuwepo, bila mtu kudai kwamba vijana wa Uingereza wameongezeka akili mara mbili.

Maisha ya chuoni yamefuata mlango. Barabara ya Oxford Road ingali ileile, mabasi yakipishana hadi Rusholme penye mikahawa ya Kipakistani, na Fallowfield kwenye mabweni. Bob Sawyer hayupo tena. Anayeingia shule ya tiba ya Manchester leo, karibu hakika atatoka daktari. Wachache huanguka, na chuo huhangaika kuwainua, kwa kuwa kila kiti kimelipiwa. Jasho lote lililokuwa likimtoka mwanafunzi mbele ya watahini wa London sasa humtoka akiwa bado kwa wazazi wake, katika kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, kwenye kituo cha mitihani chenye vibanda na kamera. Anajibu maswali dhidi ya saa, na idadi ya watakaochukuliwa ilishaandikwa kwenye hati za serikali kabla hajaketi.